NG'OMBE NAYE APEWE KIHENGE CHAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wakulima na wafugaji, Sikonge)



Nimepewa nafasi niseme juu ya majani. Najua wako wanaocheka moyoni na kusema, "Tumeacha kazi zetu ili tuje kufundishwa majani?" Nawaomba mnivumilie. Mtu anayedharau majani na awatazame maksai wake mwezi wa Novemba. Mvua ya kwanza imenyesha, ardhi imelainika, ni siku ya kufunga nira na kulima. Maksai waliokuwa wanene mwezi wa Mei, leo mbavu zao zahesabika. Wanalima mistari michache, wanalala chini. Shamba linachelewa wiki mbili, mahindi yanachelewa, na ndama waliozaliwa hawapati maziwa ya kutosha, sembuse watoto wetu. Hapo twailaumu mvua, au twamlaumu ng'ombe. Lakini jambo hili halikuanza Novemba. Lilianza Machi, pale majani yalipokuwa mengi hata yakamfika mtu kiunoni, nasi tukayatazama tu.

Neno langu la leo ni moja. Majani ya ng'ombe ni mazao. Hupandwa, hupaliliwa, hutiwa mbolea, huvunwa kwa wakati wake, na huwekwa akiba, kama mahindi. Mtu anayejaza kihenge chake mahindi, kisha akamwachia ng'ombe wake bahati ya porini, huyo amejenga kihenge kimoja ambapo nyumba yake yahitaji viwili.

Jambo la akiba si geni kwetu. Wazee wanaijua habari ya njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika kwetu Unyanyembe, na kuendelea mpaka Ujiji. Babu zetu ndio waliokuwa wapagazi wa njia ile. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori kubwa, kavu, lisilo na vijiji, nalo liliitwa Mgunda Mkali. Hakuna kirangozi mwenye akili aliyewaingiza watu wake humo bila posho. Hakusema, "Tutapata mbele ya safari." Alihesabu siku, akahesabu watu, akanunua chakula kabla ya kuingia.

Basi, ng'ombe wetu naye ana Mgunda Mkali wake kila mwaka. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Tangu hapo hakuna jani jipya mpaka mvua nyingine, na miezi iliyo mibaya kabisa ni Agosti, Septemba, Oktoba na mwanzo wa Novemba. Sisi ndio makirangozi wa ng'ombe wetu. Nauliza, je, twawaingiza katika pori lile na posho gani?

Wengine watajibu, "Majani makavu yapo, yamesimama porini tele." Kweli yapo. Lakini kuwa na majani si kuwa na chakula. Tumboni mwa ng'ombe mna vijidudu vingi mno visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyomvunjia majani yakawa chakula. Vijidudu hivyo vyataka protini, yaani kile kiini cha kujenga mwili. Nyasi changa, zinapoanza kuchanua, katika kila sehemu 100 za uzito wao mkavu huwa na sehemu 8 mpaka 10 za protini, au zaidi zikiwa katika ardhi nzuri. Nyasi hizo hizo zikiachwa zisimame mpaka Agosti, hubaki na sehemu 3 au 4 tu. Na wataalamu wameona kwamba protini ikipungua chini ya sehemu 7 hivi, vijidudu vya tumboni hudhoofika, majani hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hupunguza kula. Ndiyo maana twaona ng'ombe tumbo limejaa, na huku anakonda. Amejazwa mabua, hakulishwa.

Mama zetu wanaijua elimu hii tangu zamani. Wanapotengeneza nsansa, huyachuma majani ya kunde lini? Huyachuma yangali laini. Hawangoji mpaka yawe manjano na kujaa nyuzi. Huyaanika vizuri, huyaweka pakavu, na mwezi wa Septemba watoto wanakula mboga. Viazi navyo hufanywa michembe na matobolwa kwa kukaushwa. Majani makavu ya akiba, ambayo wataalamu huyaita hei, ni nsansa ya ng'ombe. Hakuna siri nyingine ndani yake.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe.

KWANZA, WAKATI WA KUKATA. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Majani yakikatwa machanga sana ni mazuri lakini ni machache. Yakikatwa mazee ni mengi lakini ni mabua. Wakati wa kufaa ni pale nyasi zinapoanza kutoa maua, kabla ya mbegu kukomaa. Lakini hapa kwetu iko taabu moja, nayo ni kwamba nyasi nyingi huchanua mvua ingali inanyesha, na majani yaliyokatwa yakinyeshewa huoza. Dawa yake ni hii. Kile kipande ulichokitenga kwa akiba, kikate mara ya kwanza mwezi wa Februari, uwape ng'ombe majani mabichi. Yatakayochipuka upya yataanza kuchanua mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, mvua inapokatika na jua linapokuwa zuri. Hapo ndipo uvune akiba yako.

Ukate asubuhi umande ukiisha. Uyatandaze, uyageuze, yakae juani siku mbili au tatu. Chukua konzi moja uipote. Ikitoa maji, bado. Ikikatika bila maji na huku majani yangali na rangi ya kijani na harufu tamu, tayari. Usiyaache yaungue juani mpaka yawe meupe, maana majani membamba hupukutika, na hayo ndiyo yenye chakula kuliko shina.

Ili yasichukue nafasi kubwa, yafungwe marobota. Hakuna haja ya mashine. Fundi seremala atakutengenezea sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala kitako, urefu sentimita 85, upana 55, na kina 45. Tandika kamba mbili, jaza majani, mtu akanyage, ufunge, ulivue sanduku. Robota moja likishindiliwa vizuri huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Yapangwe juu ya uchaga, yasiguse chini kwa ajili ya mchwa, na juu pawe na paa. Robota lenye ukungu asipewe ng'ombe.

PILI, NYASI ZA KUPANDA. Nitazitaja mbili. Ya kwanza ni matete, ambayo wengine huyaita majani ya tembo. Haya yanapenda ardhi yenye rutuba, basi yapandwe karibu na zizi, mahali samadi inapofika, mvua zinapoanza. Hupandwa kwa vipande vya shina vyenye pingili tatu, au kwa machipukizi ya shina la zamani. Yakatwe yanapofika kimo cha mita moja hivi, yaani kiunoni mwa mtu, ambayo wakati wa mvua huwa kila baada ya wiki 6 mpaka 8. Acha shina la upana wa kiganja juu ya ardhi, ili yapate nguvu ya kuchipua. Watu wengi huyaacha yawe marefu kuliko nyumba, wakafurahi kwa wingi wake, na kumbe wanalea kuni. Matete hayakauki vizuri kwa sababu ya shina nene, kwa hiyo yalishwe mabichi, au yakatwekatwe vipande vya sentimita mbili tatu, yashindiliwe katika shimo lililotandikwa nailoni na kufunikwa kabisa. Adui wa shimo hilo ni hewa. Hewa ikiingia, yanaoza. Isipoingia, yanachachuka, na baada ya mwezi mmoja hivi ni chakula kinachoweza kungoja mpaka Oktoba.

Ya pili ni nyasi za Rhodes. Msichukizwe na jina. Ni nyasi za Afrika tangu asili, zilikuwako kabla ya Cecil Rhodes kuzaliwa. Zilipewa jina lake kwa sababu alizipanda katika shamba lake karibu na Cape Town miaka ya 1890. Shina lake ni jembamba, kwa hiyo hukauka upesi na kufaa sana kwa akiba. Mbegu zake ni ndogo mno. Ekari moja yatosha kilo 4 mpaka 6 za mbegu nzuri. Ardhi ilainishwe, mbegu zichanganywe na mchanga mkavu ili zienee sawa, zifukiwe kidogo tu, kina kisichozidi sentimita moja au mbili. Anayezifukia kama mahindi hatazionea jani. Na mwaka wa kwanza zipaliliwe, maana zikiwa changa hushindwa na magugu.

Hapa nina neno kwa wakulima wa tumbaku, nao ni wengi katika Sikonge. Mwajua ule ugonjwa wa mizizi kufanya nundu, mche ukadumaa. Waletao ni minyoo midogo ya udongoni. Wakulima wa tumbaku wa Zimbabwe wana desturi ya miaka mingi ya kupumzisha shamba la tumbaku kwa kulipanda nyasi za Rhodes za aina iitwayo Katambora, kwa sababu minyoo ile haistawi katika mizizi yake. Basi mtu huyu avuna mara mbili: ng'ombe wanapata majani, na shamba linapona. Maneno haya yafaa yafikishwe kwa Bwana Shamba wa kila kata, na kwa wataalamu wa kituo cha Tumbi, watuongoze juu ya mbegu.

TATU, MIMEA YA JAMII YA KUNDE. Nyasi peke yake ni ugali bila mboga. Mboga ya ng'ombe ni fiwi, kunde, majani ya lusina na ya gilirisidia. Hii ina protini nyingi kuliko nyasi, tena mizizi yake huirudishia ardhi nguvu. Fiwi yaweza kupandwa katikati ya mistari ya mahindi, mahindi yakisha kupaliliwa mara ya kwanza. Mahindi yakivunwa, fiwi ingali mbichi shambani. Lusina na gilirisidia zaweza kuwa ua wa boma. Ila lusina isipewe peke yake mpaka ng'ombe ashibe, kwa maana ina sumu inayodhuru ikizidi. Iwe theluthi moja ya chakula au pungufu. Na mkulima wa tumbaku asipande kunde mahali atakapopanda tumbaku mwaka unaofuata, maana nyingi katika jamii hii huwalea wale minyoo niliowataja.

NNE, MABAKI YA MAZAO. Marando ya viazi, majani ya karanga, mabua ya mahindi na mtama, majani ya mpunga kutoka majaruba ya mbugani. Hayo yote twayaacha shambani, jua likayachoma na moto ukayamaliza. Majani ya karanga na marando ya viazi yakikaushwa kivulini ni chakula kizuri sana, wapewe ng'ombe wa maziwa na ndama. Mabua ya mahindi ni dhaifu, lakini yakikusanywa mapema baada ya kuvuna, yakakatwakatwa na kuchanganywa na majani ya fiwi, ni afadhali mara nyingi kuliko kusimama porini Oktoba.

TANO, SAMADI. Kila mzigo wa majani unaouondoa shambani umeondoka na nguvu za ardhi. Ardhi yetu ya juu ni ya mchanga, haina akiba kubwa. Mtu akikata matete miaka mitatu bila kurudisha samadi, atasema mbegu ilikuwa mbaya. Mbegu ilikuwa nzuri. Ardhi ndiyo iliyokopwa bila kulipwa.

Ndugu zangu, sasa tufanye hesabu ya kirangozi. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hula kiasi cha kilo 6 za majani makavu kwa siku. Tuseme porini anapata nusu, nasi tumpe nusu, kilo 3. Tangu mwanzo wa Agosti mpaka mwisho wa Novemba ni siku 122, tuseme 120. Kilo 3 mara 120 ni kilo 360. Hayo ni marobota 18 tu. Mtu mwenye maksai wawili na ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji marobota 54. Mwenye ng'ombe 100 hawezi kuwawekea wote, najua. Lakini hata yeye aweza kuwachagua maksai wa kulima, wenye mimba, wanaonyonyesha na ndama. Na hesabu ikimwonyesha kwamba ng'ombe wazee watakufa Oktoba, ni heri awauze Juni wangali na nyama na bei, kuliko kugawa ngozi Novemba.

Liko jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulifanya peke yake, nalo ni kutenga malisho. Wasukuma waliliita ngitili. Kipande cha majani hufungwa mvua zinapoanza, ng'ombe hawaingii, majani yakakua, kisha hufunguliwa katikati ya kiangazi kwa ajili ya wanyonge wa kundi.  Serikali ya kikoloni, katika mpango wake wa Usukuma ulioanza mwaka 1947, ilileta amri juu ya amri, hata watu wakalazimishwa kupunguza ng'ombe, na amri hizo zilichukiwa mno. Miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, ngitili nyingi ziliachwa. Lakini mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza, na baadaye ukaamua kuwarudisha watu katika desturi yao wenyewe. Mwanzo hekta zilizohesabiwa zilikuwa 600 hivi. Kufika miaka ya 2000 ilikadiriwa kuwa zimepita hekta 300,000. Nchi iliyokuwa uwanja mtupu ikapata miti, majani na hata dawa za asili. Amri ya bwana ilishindwa. Mapatano ya wenye nchi yalifaulu.

Nasi Sikonge tunayo njia ya kufanya mapatano hayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kukubali mpango wa matumizi ya ardhi. Tukae, tuseme hapa ni kulima, hapa ni malisho, hapa ni mizinga ya nyuki, hapa ni njia ya ng'ombe kwenda majini. Tuiandike. Tuweke na sheria ndogo juu ya moto. Maana wako watu wanaochoma pori Agosti ili waone majani mabichi yakichipua. Wanapata konzi moja ya mabichi, wanachoma chakula cha kijiji kizima pamoja na mizinga ya jirani. Kila malisho yaliyotengwa yazungukwe na njia ya moto iliyofyekwa mwezi wa Juni.

Nasema haya kwa sababu tunajua mwisho wa njia nyingine. Sehemu kubwa ya wilaya yetu ni misitu na mapori ya hifadhi. Oktoba ikifika na majani yakiisha, mfugaji hana pa kwenda ila hifadhini, akamatwe na kutozwa faini, au shambani mwa mwenzake, wagombane. Tunaita ugomvi wa wakulima na wafugaji, wengine wanautia ukabila. Mimi nasema chimbuko lake moja kubwa ni tumbo la ng'ombe lililo tupu mwezi wa Oktoba. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi. Kwetu imegeuka: nyasi zimeisha ndipo watu wakapigana. Nao wote wawili wanahitajiana. Mkulima anataka samadi na maksai, mfugaji anataka mabua na majani ya karanga. Wakipatana kabla ya kiangazi, kila mmoja ana kitu cha kuuza na kitu cha kununua.

Ndugu Mwenyekiti, nisiwachoshe. Sitaki mtu atoke hapa na mambo kumi. Kila nyumba yenye ng'ombe itenge robo ekari mvua hizi, ipande matete au nyasi za Rhodes. Kila kijiji kipate sanduku moja la marobota, lizunguke nyumba kwa nyumba. Na kila mkutano wa kijiji kabla ya Juni ujadili malisho na moto. Mwaka unaofuata tukutane tena hapa mwezi wa Novemba, tusihesabu maneno, tuwatazame maksai wakiwa katika nira. Hao hawajui kusema uongo.

Akiba haiozi.